Chachu ya Mtungi wa Aikande

Hapo zamani, huko kwenye migomba ya mlimani, mtungi wa pombe ulikuwa hauoshwi. Chachu iliishi humo humo ukutani mwake, na mtungi wa Aikande ulikuwa haujaoshwa tangu enzi za mama mkwe wake. Aikande alikuwa na wana wawili, Ndesario na Kiwia, waliogombea mpaka wa shamba wakanuniana miaka saba. Mwishowe wakakubali kunywa kata moja ya pombe ya mama yao, yaishe.

Zikabaki siku nne kabla ya kunywa. Nakunda, mke wa Kiwia, bibi harusi mgeni mwenye kutaka sifa, akausugua mtungi kwa majivu na maji ya moto.

"Mama, tazama ulivyotakata!"

Aikande akachungulia ndani. "Mwanangu, umeniulia chachu."

Ndizi zilikwisha pikwa na ulezi umekwisha sagwa, akavichanganya hivyo hivyo. Mtungi ukakaa kimya.

Siku ya kwanza akaja Aimbora, mke wa Ndesario, na machicha ya pombe ya mtungi wake. Yakatiwa. Pombe ikatoa povu, baridi ikaingia, povu likalala.

Siku ya pili akaja Nakunda, macho yamevimba kwa kulia, na kikapu cha matunda ya mafyulisi yaliyoiva hadi kupasuka. "Haya sikuyaosha, mama. Chachu yake ingali kwenye maganda." Yakatiwa. Pombe ikaamka, ikanukia vizuri, lakini ilikuwa tamu tu, kinywaji cha watoto.

Siku ya tatu Aikande akakumbuka mwiko wa kukorogea pombe wa marehemu mama mkwe wake, uliochomekwa darini na ukoko wake mkavu wa pombe ya zamani. Akakorogea.

Siku ya nne mtungi ulinguruma. Ndugu wakakaa. Desturi yao ilikuwa hivi: mwenye chachu huonja kwanza, kisha huwapa wengine kata kwa mkono wake.

Aimbora akasema, "Mimi ndiye niliyeianzisha. Bila machicha yangu ingeoza siku ile ile."

Nakunda akasema, "Ya dada Aimbora ililala, mafyulisi yangu yakaiamsha. Nusa, mama. Kosa nililifanya mimi, na mimi nimelirekebisha."

Aikande naye alikuwa na lake, akalisema. "Na mwiko je? Bila mwiko leo mngekunywa uji."

"Mke wangu alileta wa kwanza," alisema Ndesario.

Kiwia akasogeza kigoda chake nyuma. "Basi kunyweni wenyewe."

Aikande aliogopa. Akimpa Aimbora, Kiwia anaondoka. Akimpa Nakunda, Ndesario anaondoka. Akionja yeye, wakwe zake wote wawili watajiona wamefanya kazi bure. Alisimama na kata mkononi, povu likimtiririkia vidoleni, na wanawe wote wawili wakimtazama.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkisikiliza, semeni. Je, nani alistahili kuonja kwanza?