Nani Abaki Valencia?

Nyamazeni kidogo, na anayejiona anajua kuhukumu akae mbele, maana hadithi hii imenishinda.

Mzee Mfaume wa Kilwa alikuwa mpishi wa meli. Moyo ulimwangusha safarini, wakamshusha hospitali ya Valencia, huko Hispania, na meli ikaendelea na safari zake. Mtaa ukachanga. Watoto wake watatu wakapanda ndege kumfuata, kila mmoja na kipaji chake, na wote wabishi kama baba yao.

Somoe, mkubwa, alikuwa kijumbe wa upatu, na fedha za watu hazijapata kupotea mkononi mwake. Michango ile aliigawa katika bahasha, kila siku na bahasha yake: chumba, chakula, basi. Mdogo wake Hemedi akitamani kahawa ya kibarazani, dada mtu humjibu, "Bahasha ya Jumanne haili ya Jumatano. Kunywa maji." Wadogo zake walimnunia kila asubuhi. Lakini bila bahasha zile, wangekuwa ombaomba kabla ya Ijumaa.

Hemedi, mchuuzi wa mitumba, alikuwa na ulimi. Alijifunza Kihispania kwenye simu, akambembeleza mama mwenye nyumba, shangazi huku, shangazi kule, mpaka akapewa chumba cha juu kwa nusu ya bei. Ulimi huohuo ukawaponza. Siku ya kwanza muuguzi aliwaambia waje saa "ocho". Hemedi akatafsiri: nane. Wakaenda saa nane mchana, wamekoga, wamependeza. Kumbe nane ya Wahispania ni saa mbili yetu ya asubuhi! Mzee alikuwa ameukodolea mlango macho tangu hiyo saa mbili, na muda wa kuona wagonjwa ulishapita. Hemedi alilia ngazini, mtu mzima na ndevu zake.

Mwajabu, kitinda mimba, alikuwa na mkono wa jikoni. Wenzake walimcheka alipojaza sanduku unga na tangawizi. Huko mlo mmoja wa mgahawani ungemeza bahasha nzima, basi akapika jikoni kwa mwenye nyumba, wakala wote, mpaka mwenye nyumba mwenyewe akaomba aongezewe. Mzee alikuwa amekataa chakula cha hospitali. Uji wa binti yake aliunywa, akaanza kukaa kitako.

Asubuhi ya kurudi, daktari akawaita koridoni. Mzee hawezi kupanda ndege wiki hii. Wiki ijayo, labda, akijaliwa kuifikia.

Somoe akamwaga akiba ya bahasha zote juu ya benchi. Ilitosha kubadilisha tiketi moja na kumlisha mtu mmoja. Mmoja tu. Wawili wangeondoka wakijua huenda hawatamwona tena baba yao.

"Nabaki mimi," alisema Somoe. "Nimezilinda hizi mkinichukia. Na mkubwa ndiye anayemfumba mzazi macho."

"Ungelinda nini, dada, bila chumba nilichokitafuta? Nina deni kwa baba. Alitazama mlango siku nzima!"

"Ongeeni tu," alisema Mwajabu, machozi yakimtoka. "Kesho atakula kwa mkono wa nani?"

Wakaingia wakamuuliza mwenyewe. Mzee aliwatazama mmoja mmoja, akasema, "Mlinifuata watatu, wanangu. Sina mdomo wa kumfukuza hata mmoja." Akageukia ukutani.

Chini, basi la uwanja wa ndege linapiga honi. Masanduku matatu yako mlangoni mwa wodi, na hakuna aliyeinama kuchukua lake.

Haya, wewe uliyekaa mbele. Ungesema nani abaki? Na wale wawili, wakiwa wanashuka ngazi, ungewaambia nini?