Zeze la Kumsindikiza Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana hadithi hii haitaki kelele.

Hapo zamani za kale, kabla bibi za bibi zenu hawajachumbiwa, palikuwa na kijiji ambacho hakikuzika mtu bila zeze. Maiti alisindikizwa kwa wimbo mmoja mrefu, wa kupanda na kushuka. Ukikatika njiani, watu waliinamisha vichwa wakasema, "Masikini, kaondoka bila kuagwa."

Bingwa wa wimbo huo alikuwa Mzee Sengwaji. Nzee-nze, nzeee! Akipiga, hata mama aliyefiwa alitulia. Lakini uzee ukamwingia vidoleni. Vikavimba, vikapinda. Akakusanya vijana awafundishe. Miongoni mwao alikuwamo Mwatuma, binti mwenye sikio kali kuliko wote. Alisikia mara moja, akashika. Basi hakuona haja ya mazoezi.

"Mwatuma, umekirudia kile kipande cha mwisho?"

"Nitakirudia kesho, babu. Nakijua."

"Wewe unakijua. Vidole vyako je?"

Mwatuma akacheka, akaenda zake kisimani kupiga soga. Kesho ikaja, ikapita. Nyingine ikaja, nayo ikapita.

Akafa Bi Mashavu, mke wa mzee, aliyewapikia uji vijana wale kila walipokuja kujifunza. Mzee akashika zeze, vidole vikagoma. Akamkabidhi Mwatuma mbele ya kijiji kizima.

"Msindikize bibi yako."

Mwatuma akapiga. Nzee-nze, nzeee! Watu wakalia. Akafika kipande cha mwisho. Nzee... nze... krii! Akarudi nyuma, akajaribu tena. Krii! Jasho likamtoka. Wachukuzi wamesimama na jeneza mabegani, wanangoja. Mwishowe mzee akamgusa bega.

"Basi, mwanangu. Twende."

Wakamzika Bi Mashavu kimya kimya.

Mzee hakumkemea. Afadhali angemkemea! Kila asubuhi alikwenda kaburini na zeze lake, akapiga kwa vidole vile vibovu. Akikosea, akirudia. Akikosea, akirudia. Mwatuma alimsikia akiwa jikoni kwao, akaacha kula. Siku moja akamfuata.

"Babu, unajiumiza bure. Hutaweza tena."

"Najua. Ila jana nilikosea sana, leo nimekosea kidogo."

Mwatuma akakaa mchangani. "Nipe mimi, babu. Nifundishe upya."

Tangu hapo akawa hapumziki. Asubuhi zeze, jioni zeze. Vidole vikachubuka, vikaota sugu. Mvua zikanyesha, mtama ukavunwa. Hatimaye siku moja, pale pale kaburini, wimbo ukatoka mzima, laini, mpaka tamati.

"Nimepatia, babu?"

"Umepatia." Mzee alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka. "Umepatia kabisa, mwanangu. Lakini Mashavu ameshaondoka."

Mwatuma akaangua kilio. Mzee akamshika mkono, wala hakumwambia anyamaze.

Mzee Sengwaji naye alipokufa, Mwatuma alimsindikiza, na wimbo haukukatika. Kijiji kizima kikamsifu. Lakini kila aliposifiwa, alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaondoka.

Ndugu zangu, sikio hupewa mtu, mkono hufunzwa. Na siku ya haja haimngoji mtu ajifunze.

Hadithi yangu inakomea hapo. Mwenye zeze kwao, na aende akalishike.