Bomba la Sultani Jabu na Moto wa Mzazi

Hapo zamani, kabla hata bibi zetu hawajaona kiberiti, palikuwa na Sultani katika mji wa Vumbani, jina lake Jabu bin Shee. Sultani huyo akapata habari kwamba mbali sana, nchi ya mabondeni, liko shimo ardhini litokalo upepo, na upepo ule ukiguswa na cheche huwaka. Ndio huu ambao siku hizi twauita gesi. Basi akamwita waziri wake, Mwinyi Shaha, akamwambia, "Nataka upepo ule uletwe kwa bomba, upite nchi kavu, upande milima na kushuka, hata uingie jikoni mwangu."

"Umekwisha kuja, bwana wangu," akajibu waziri, maana kazi yake ilikuwa kusema hivyo.

Ikawa waziri akatoka na vigingi vyekundu, akavipigilia nchi nzima, mashambani mwa watu, makaburini, na kimoja katikati ya soko, ambapo wachuuzi wakapata pa kufungia mbuzi. Bomba lenyewe halikuwapo. Chuma cha kulifua kilikuwa hakijachimbwa, na fundi wake nadhani alikuwa hajazaliwa. Lakini waziri, kwa uangalifu wake, akatoa amri: kwa kuwa upepo ule ni hatari, ni marufuku mtu kuwasha moto karibu na njia ya bomba. Na vigingi vilipita kila mahali! Watu wakala mihogo mibichi, jamani, matumbo yakawaunguruma hata msikitini imamu akawa hasikiki.

Sasa katika mji ule alikuwapo mtu mmoja aitwaye Mwalami, maskini wa kutupwa, ila ulimi wake mwepesi. Mkewe, Mwanaesha, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mtoto wa kike. Na desturi ya Vumbani ni kwamba mwanamke akijifungua huwashiwa moto wa mzazi, wala hauzimwi hata arobaini ipite. Kwa moto huo mama hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na kichanga hupata joto. Askari wakaingia, wakaumwagia maji moto ule, mkunga akawaporomoshea matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, wakaenda zao.

Mwalami akamtazama mkewe akitetemeka. Akamshika mtoto miguu, akakuta ni ya baridi. Hofu ikamwingia, na hasira.

"Nenda ukaseme na huyo Sultani wako," Mwanaesha akamwambia, "ama sivyo utatuzika sote wawili."

Basi akaenda mpaka barazani, akasalimu kwa adabu, akasema, "Bwana wangu, nimekuja kwa ajili ya moto wa mzazi. Hilo bomba tunalozimiwa moto liko wapi? Nimelitafuta, sikuliona."

Sultani akafura. "We kapuku! Neno langu likisha kutoka, limekuwa. Bomba lipo! Na tangu leo, asemaye halipo, kichwa chake si chake." Kisha akaona afanye mzaha, akaongeza, "Na kwa kuwa una macho mabovu, nakufanya mlinzi wake. Ukionekana moto karibu na bomba, toka linakoanzia hata linakoishia, nakukata shingo."

Mwalami akainama. "Hata linakoishia, bwana wangu?"

"Hata linakoishia!"

"Na mwenye moto akiwa mtu mkubwa?"

"Mzimie! Hata nikiwa mimi!" Baraza zima likaangua kicheko.

"Nimesikia," akasema Mwalami, "na hawa wote wamesikia." Akaomba ndoo.

Haya, bomba lile liliishia wapi? Jikoni mwa Sultani mwenyewe! Kigingi cha mwisho waziri alikipigilia huko kwa mkono wake, baina ya jungu la pilau na tanuri la mkate. Mwalami akaingia, akamwaga maji, pwaa! Akauzima mkaa wa kahawa, akavizima vyetezo vya udi, na alipomkuta waziri anavuta kiko, akakimwagia kiko pamoja na ndevu. "Niwie radhi, bwana waziri," akasema. "Bomba lako ni hatari, wajua mwenyewe."

Ulipofika wakati wa kula, Sultani akafunua kawa. Lo! Ndani mna kuku mzima, hai, amepakwa ndimu na chumvi, anamtazama.

"Nini hiki?"

"Pilau, bwana wangu," akajibu mpishi. "Imekwisha pangwa, imebaki kuiva tu."

Kuku akaruka, akatua juu ya kilemba cha Sultani, akatulia hapo.

Ikawa hivyo kesho yake na keshokutwa, hata Sultani akatafuna mchele mkavu, jino likatikisika. Akaagiza Mwalami aletwe barazani. "Mwendawazimu we! Mbona umenizimia jiko langu?"

"Liko karibu na bomba, bwana wangu."

"Bomba gani? Hakuna bomba! Hakuna hata kipande cha bomba nchi nzima hii!"

Waziri akatazama dari. Mshika upanga, mtu wa kupenda kazi yake, akaanza kuipima kwa macho shingo ya Sultani, kisha akazinduka, akatazama chini. Sultani akajishika shingo.

"Bwana wangu," akasema Mwalami, "mlinzi wa bomba ni mimi, na masikio yangu yamejaa maji ya ndoo, sikusikia kitu. Lakini nikimwona mke wangu anatetemeka tena, nachelea yatazibuka."

Sultani akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaitangua amri pale pale, akasema, "Sasa taja zawadi uitakayo."

"Zawadi siitaki. Ila kwetu, aliyeuzima moto wa mzazi ndiye auwashaye, kwa mkono wake. Na askari waliuzima kwa neno lako."

Sultani akatupa jicho kwa waziri, asipate msaada. Basi kaa la moto likatafutwa kijiji cha mbali, ng'ambo ya mpaka, ambako vigingi havikufika, naye Sultani Jabu akainama, akaingia kibandani mwa Mwalami. Akapiga magoti mbele ya mafiga, akaanza kupuliza, mashavu yamemvimba, majivu yamemjaa ndevuni. Akachoka, akainuka apumzike.

"Hapana, bwana wangu, puliza," akasema Mwanaesha kitandani, amemkumbatia mwanawe. "Upepo tulioahidiwa ndio huo umefika. Usiukate mpaka uji uchemke."

Sultani akapiga magoti tena, akapuliza.