Kiboko Alivyopimwa Suti

Nikisema sindano, niitikieni uzi. Sindano!
Uzi!
Ukikatika?
Tunautunga tena!

Basi tulieni. Hadithi hii anaijua msimulizi mmoja tu duniani, na huyu hapa mnamwona.

Zamani Kalunguyeye alikuwa fundi cherehani. Sindano hakununua, alizaliwa nazo mgongoni. Barazani kwake cherehani iliimba kere-kere-kere tangu alfajiri. Ikikaribia sikukuu, Pundamilia yuko kwenye foleni, Twiga yuko kwenye foleni, na kola ya Twiga peke yake ilimaliza jora zima.

Kisha akaja Kiboko na marobota ya mitumba. Pu! Robota chini. Pu! Jingine. Pundamilia akahamia mitumbani, Twiga akahamia mitumbani. Cherehani ikanyamaza, jii. Kiboko hakutosheka. Akasukuma robota mpaka barazani kwa Kalunguyeye, akalikalia.

"Wewe, toka. Hapa nataka pa kuwekea mzigo."

"Mzee, baraza hili ndilo shamba langu. Nikitoka nitakula nini?"

"Kula miiba yako!"

Kalunguyeye akatupwa juani, yeye na cherehani yake.

Muda si mrefu, Kiboko akaposa. Kalunguyeye kusikia, huyoo, tapu-tapu-tapu, mpaka kwa mashangazi wa bibi arusi.

"Hongereni! Nasikia bwana arusi anawavisha sare ukoo mzima, kitambaa kimoja!"

Aliliiii! Vigelegele. Kiboko angekataaje mbele ya wakwe? Akatunisha kifua: "Naam, nitawavisha!"

Akapasua robota: koti la baridi. Akapasua jingine: gauni la bluu, shati la njano. Alipasua mpaka akakaukiwa mate, asipate nguo mbili za kufanana. Shangazi mkubwa akashika kiuno.

"Bila sare, mwari hatoki ndani. Usitufanye watoto."

Kiboko akaenda juani, mpole kama maji ya mtungi.

"Fundi wangu, ndugu yangu."

"Undugu umeanza leo? Haya, leta majora. Naanza na suti yako. Mashangazi, njooni mwone bwana arusi anavyopimwa!"

Akazungusha futikamba tumboni. Haikufika.

"Vuta tumbo, mzee. Wakwe wanatazama."

Kiboko akavuta, hwuup!

"Vuta tena."

Hwuuuup! Macho yakamtoka.

"Hapo hapo. Mzee, unanirudishia baraza langu?"

Kimya. Akifungua mdomo, tumbo litaporomoka mbele ya wakwe.

"Na mitumba inayowapwaya watu, itakuja kwangu niipunguze?"

Kimya.

"Na vijana wanaotaka kujifunza kushona, wakae nami papo hapo?"

Kimya, jasho likimtiririka.

"Mashangazi, mwari akiulizwa kama anaolewa, akanyamaza?"

"Amekubali!"

Pwaaaa! Kiboko akaachia pumzi, kilemba cha shangazi kikaruka mpaka kwa jirani. Lakini mashahidi walikwisha kusikia.

Harusi ilipendeza, ukoo mzima kitambaa kimoja. Nilikuwepo, nilikaa mbele, na pilau nilipakuliwa kabla ya wazee. Siku hizi barazani pale cherehani zinajibizana. Sare zinashonwa, mitumba inapunguzwa, na binti Pundamilia tayari anakata suruali bila kuchora.

Nimepiga fundo, nimekata uzi. Mwenye sindano atunge wake.

Na funzo? Mdogo amtii mkubwa, asimjibu, asimdai kitu. Akimwona anakuja, amwambie tu asimame wima, avute tumbo.