Ukurasa wa Mwisho wa Daktari Ukungu

Hii nimetumiwa na wifi yangu wa Kilosa, ambaye kwa kawaida hanitumii kitu zaidi ya picha za maua na salamu za asubuhi. Niliisoma mara moja, nikarudia. Niliposoma mara ya pili maharage yakaungulia jikoni. Kwa hiyo na wewe kaa chini, isome yote, usirukie mwisho. Utaona mwenyewe kwa nini nakukataza kurukia mwisho.

Zamani, wakati watu wanasoma katuni za karatasi na kuazimana mpaka zinachanika kwenye mikunjo, kulikuwa na jarida moja likitoka kila mwezi katika mji fulani wa reli. Mji siutaji, maana wajukuu wa waliohusika tunao humu humu kwenye makundi.

Shujaa wa jarida aliitwa Kimondo. Anaruka juu ya mabati, anavunja ukuta kwa kiganja, kifua kipana kama mlango wa ghala. Maadui alikuwa nao wengi, na mmoja wao leo hakumbukwi hata na wale wanaokusanya majarida ya zamani. Aliitwa Daktari Ukungu. Alitokea katika matoleo manne tu. Kazi yake ilikuwa uchawi: akikung'uta leso yake nyekundu, kitu kinapotea.

Mchoraji alikuwa kijana mpole, Evodi Lukanga, ambaye vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino hata siku za kanisani. Mhariri alikuwa Bwana Mashauri, mtu wa haraka ambaye chai yenyewe alikunywa amesimama.

Sasa sikiliza walivyokuwa wakifanya kazi, maana kisa chote kiko hapo. Jalada na ukurasa wa mwisho vilichapwa kwenye karatasi moja, ile ya nje, yenye rangi, na karatasi hiyo ndiyo ilitangulia kwenda kiwandani. Kwa hiyo Evodi alilazimika kuchora mwisho kabla ya mwanzo. Anamchora Daktari Ukungu amepiga magoti, mikono imefungwa kamba nyuma, Kimondo amesimama juu yake. Karatasi inaondoka na treni. Ndipo Evodi anarudi mezani na kuuliza:

"Haya, Bwana Mashauri, mwezi huu kaiba nini?"

"Tafuta chochote," Mashauri anajibu bila kuinua kichwa. "Ameshafungwa huyo. Kosa halitakosekana."

Mnaona? Mtu anafungwa kwanza, halafu anatafutiwa kosa. Na kila mwezi wasomaji walishangilia.

Tatizo lilianzia kwenye sura. Evodi alihitaji sura ya mchawi, na pale mjini alikuwepo mtu mmoja wa mazingaombwe, Bwana Kobelo. Uso mrefu, masharubu membamba, koti jeusi, leso nyekundu. Alizunguka shule na kumbi akitoa mayai masikioni mwa watu na kugeuza maji yakawa ya rangi. Kiinimacho tu, na mwenyewe alisema hivyo kabla hajaanza. Mwisho wa onyesho aliwaita wapagazi wawili wa stesheni, wenye mikono ya kubeba magunia, wamfunge kamba ya katani mikono nyuma. Anafunikwa shuka, watoto wanahesabu. Kumi haijafika, huyo katoka, kamba mkononi, anawapungia!

Evodi alimpenda sana mtu yule. Alipokaa kuchora, mkono wenyewe ukaenda kwenye uso wa Kobelo, masharubu na koti na leso. Hakumuuliza. Aliona anampa sifa.

Mwezi wa kwanza watu walicheka. "Kobelo, umetoka gazetini!" Naye akacheka nao, akanunua nakala akampelekea mkewe, Bi Zaituni.

Mwezi wa pili mwalimu mkuu mmoja akamwambia kwa adabu kwamba watoto wana mitihani, onyesho lisubiri kwanza. Mwezi wa tatu shule zote zikawa na mitihani. Sokoni kina mama wakaanza kuvuta watoto wao upande wa pili akipita. Kuku akipotea mtu anasema, "Muulizeni Ukungu," wengine wanacheka, ila wanacheka huku wanatazama nyumba ya Kobelo.

Toleo la nne ndilo lililomaliza kazi. Evodi, akiwa amebanwa, aliandika kwamba Daktari Ukungu kaiba sauti za mji mzima kutoka kwenye redio na kuzifunga ndani ya leso. Wiki moja baadaye redio ya ofisi ya kata ikatoweka. Redio hiyo ilikuwa ya kila mtu. Hapo ndipo waliposikilizia habari, mpira, na matangazo ya vifo. Asubuhi katibu kata, Bwana Mhoja, anafungua ofisi, mezani redio haipo.

Hakuna aliyeuliza nani alikuwa na ufunguo. Walikwenda moja kwa moja kwa Kobelo.

Kesho yake mchana Bi Zaituni aliingia kwenye chumba cha jarida, kanga kaifunga kiunoni, jarida mkononi.

"Ni wewe unayemchora mume wangu?"

"Shikamoo, mama," Evodi alisema, akisimama.

"Marahaba. Sikuja kwa ajili ya shikamoo. Tangu jana asubuhi mume wangu yuko kwenye baraza la ofisi ya kata, kafungwa kamba. Hajala. Wanasema asiporudisha redio leo jioni, kesho anapandishwa treni na familia yake, tusionekane tena hapa. Nina watoto wanne na mama mkwe haoni. Niende nao wapi?"

Evodi akaweka kalamu chini.

"Mtu wa kwanza kumfunga ni wewe," mama akasema. "Njoo umfungue."

Bwana Mashauri alimvuta Evodi pembeni, kwenye marobota ya karatasi. "Nenda, lakini sema sura umeibuni kichwani. Ukikiri ni sura ya mtu, jarida litafungwa, na wewe hutashika kalamu tena mji huu. Unanisikia?"

Evodi alimsikia. Njia nzima alitembea nyuma ya Bi Zaituni roho ikiwa juu. Jambo moja lilimsumbua: Kobelo ni mtu wa kutoka kwenye kamba kabla kumi haijafika, imekuwaje? Akajijibu kwamba labda kamba za mgambo si kamba za maonyesho.

Alipofika, alisimama ghafla. Kobelo alikuwa amepiga magoti barazani, koti limejaa vumbi, mikono nyuma, kichwa chini. Ilikuwa ni kazi ya Evodi mwenyewe, ukurasa wa mwisho, ila huyu alikuwa anapumua na midomo imemkauka. Na mezani kwa Bwana Mhoja, mahali pa redio, lilikuwa limewekwa jarida. Ndio ushahidi wenyewe, haki ya Mungu!

"Aa, mchoraji kafika!" Bwana Mhoja alifurahi kweli. "Mpeni kiti. Huyu ndiye shahidi wetu. Aliyajua haya mapema kuliko sisi sote."

Watu wakapiga makofi. Wakampa kiti. Mwingine akamletea maji, kwenye bilauri nzuri. Kobelo, aliyekaa siku mbili bila kitu, aliinua macho akaitazama ile bilauri, akainamisha tena kichwa.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wa Evodi, ndugu yangu. Angekaa kwenye kile kiti akanywa yale maji, angerudi zake kazini na heshima yake.

Aliichukua bilauri, akaenda akapiga magoti, akamnywesha Kobelo. Kisha akasimama, akasema.

"Sura ni ya huyu. Niliichukua bila kumuomba. Na ule ukurasa mnaoushikilia, wa mwisho, mimi huuchora wa kwanza. Kiwanda kinautaka mapema. Nikishamfunga ndipo nakaa chini kumtafutia kosa. Mara nyingine nakosa cha kuandika, naandika chochote. Hilo la redio niliandika ili niwahi treni."

Bibi mmoja aliyekuwa amesimama mbele akamuuliza polepole, "Kwa hiyo, mwanangu, ulimfunga kabla hajaiba?"

"Ndiyo, bibi. Mara nne."

Bibi akageuka akawatazama wenzake. "Na sisi je?"

Mgambo mmoja alianza kukuna shingo.

"Ngoja kwanza," Bwana Mhoja alisema, uso umemshuka. "Una hakika hajaiba redio?"

"Sina."

"Sasa?"

"Sina hakika, na wewe huna. Mmemuuliza?"

Bwana Mhoja akawageukia mgambo. Maana kweli, tangu jana walikuwa wakimwambia arudishe. Hakuna aliyemuuliza kama alichukua.

Evodi hakungoja ruhusa. Alizunguka nyuma ya Kobelo, akapiga magoti, akashika kamba kutafuta fundo. Akatafuta. Vidole vikapita huku na huku. Fundo hakuna. Kamba ilikuwa imezungushwa tu mikononi, na ncha zake zote mbili Kobelo alikuwa amezishika mwenyewe, amezibana kwa nguvu mpaka vidole vimekakamaa.

"Kaka," Evodi alinong'ona, "hii kamba imefunguka."

"Najua," Kobelo alimjibu, midomo haichezi. "Niliifungua jana, mgambo hajafika hata getini."

"Sasa mbona..."

"Nikisimama nimejifungua, watasema nini? Mchawi kweli, tumemwona. Nitakuwa nimewamalizia hadithi yao. Nimezishika hizi ncha usiku na mchana namsubiri mtu mmoja tu, yeyote, aje anifungue. Haya, kijana, jifanye unahangaika. Fundo gumu sana hili."

Evodi akahangaika. Alivuta, akauma meno, akajifuta jasho, na machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Watu waliona mtu anamfungua mtu. Kamba ilipoanguka sakafuni, Bi Zaituni alipiga kigelegele kimoja kikavu, akakaa chini palepale akalia.

Redio? Redio ilirudi Alhamisi. Karani wa ofisi aliyekuwa kaenda kuzika Dodoma alishuka kwenye treni na jambo la kwanza akauliza kama fundi ameshaileta. Aliipeleka mwenyewe kutengenezwa siku anaondoka. Maelezo aliyaacha mezani, kwa maandishi. Wakaenda kutazama. Karatasi ilikuwepo, chini ya jarida.

Jioni ya siku hiyo Bwana Mhoja alikwenda kwa Kobelo na kilo ya sukari. Alikaa kwenye kigoda muda mrefu. Bi Zaituni akamkorogea chai kwa sukari hiyo hiyo, naye akainywa huku machozi yanamlengalenga.

Mwezi uliofuata Evodi alipeleka jalada, na ukurasa wa mwisho mweupe.

"Mwisho uko wapi?" Mashauri alifoka.

"Sijaujua bado. Ngoja niandike mwanzo."

"Treni haingoji mwanzo wako! Basi simtaki tena huyo Ukungu, mfute!" Jarida halikufungwa kama Mashauri alivyoogopa, ila ndivyo Daktari Ukungu alivyotoweka katika katuni, na ndiyo maana hakuna anayemjua. Evodi alimchorea ukurasa mmoja tu wa ziada, ambao haukuchapwa popote. Ukungu amesimama wima, leso mfukoni, na kamba iko mkononi mwa Kimondo, anaikunja. Kobelo aliutundika sebuleni, juu ya picha ya harusi.

Shule zikamwita tena. Mayai yakarudi masikioni, maji yakarudi kuwa ya rangi. Ila lile onyesho la kamba alilibadilisha. Wapagazi wanamfunga, anafunikwa shuka, watoto wanahesabu mpaka kumi. Shuka linatolewa, na Kobelo bado kafungwa. Watoto wanapigwa na butwaa. Wengine wanazomea. Yeye amepiga magoti tu, anawatazama mmoja mmoja, hasemi kitu. Ukimya unakuwa mrefu hata walimu wanaanza kuona aibu. Mpaka mtoto mmoja anainuka kwenye mkeka, anakwenda kumfungua. Na kila mtoto aliyekwenda alishangaa kukuta hakuna fundo, na kila mmoja alinong'onezwa, "Usiwaambie."

Nilipomaliza kusoma nilimpigia wifi. Nikamuuliza, hii umeitoa wapi, mbona inajua mpaka alichonong'ona Kobelo? Akasema alikuwa darasa la tatu siku alipoinuka kwenye mkeka, na kwamba mikono ya yule mzee ilikuwa ya baridi, na kwamba hajawahi kumwambia mtu mpaka wiki hii. Kwa nini wiki hii hakusema, na mimi sikumbana, ila nilijua naye kuna ncha kazishika. Nimemtumia nauli aje akae kwangu siku mbili tatu.

Na wewe, kabla hujaituma kwingine, fikiria kwanza nani unamtumia.

Funzo: Usimchoree mtu ukurasa wa mwisho kabla hujamuuliza wa kwanza, na ukimkuta amefungwa usiseme kamba anaiweza, huenda ameshika ncha zake anakusubiri wewe.