Kadi Inayokula Kuliko Zote

— Nina ngano hapa. Niitoe?
— Itoe!
— Niitoe na mkia wake?
— Na mkia na masikio!
— Masikio tayari mnayo. Mkia tutautafuta mwishoni.

Basi paliondokea Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, asiye na mkia, ambaye pango lake ndilo lililokuwa banda la mpira la mbuga nzima. Humo mlikuwa na kompyuta moja na kioo kimoja. Kila jioni Pimbi alicheza gemu ya mpira, wanyama wakatazama, na kila aliyeingia alikuja na chakula kidogo cha mlangoni: huyu karanga, yule mhogo, yule kipande cha boga.

Kioo chenyewe kilikuwa cha zamani. Picha yake ilijengwa kwa nukta chache, nene kama punje za mahindi, hata mpira ukaonekana una pembe. Kilichaguliwa na marehemu mkewe. Enzi za uhai wake alikaa kushoto kwa kioo na kusema, "Mpira wetu una pembe, ndiyo maana hautoki nje ovyo." Wanyama walicheka kila aliposema hivyo. Pimbi hakuwahi kufikiria kubadili kioo, wala kumkalisha mtu upande wa kushoto.

Siku moja, pap! Moshi. Kadi ya picha, ile inayoichorea kompyuta kila kinachoonekana, ikaungua. Kioo kikawa cheusi. Jioni ile wanyama walikuja, wakasubiri, wakarudi. Jioni iliyofuata hawakuja.

Akaja Fisi. Akajilaza mlangoni, akaziba mwanga wote, akasema kwamba pango ni la mwenye kuonyesha mpira, na Pimbi hana mpira, kwa hiyo ahame. Yeye Fisi atahamia, na chakula cha mlangoni atakipokea mwenyewe.

Pimbi hakubisha. Alisema tu kwamba wanyama wangependa kushuhudia. Kila mmoja wao wawili alete kadi yake. Betri ya sola ni moja: jua la Jumamosi liwe la Fisi, jua la Jumapili liwe la Pimbi. Atakayecheza gemu mpaka filimbi ya mwisho, pango ni lake.

Fisi akainua masikio. "Kadi? Harusi ya nani?"

"Si ya harusi, kaka mkubwa. Ya kompyuta."

"Kwa hiyo pilau hakuna."

"Pilau hakuna. Lakini kadi zenyewe zinakula."

"Zinakula nini?"

"Umeme."

Fisi akameza mate. Hakuwahi kumdharau mtu kwa kula.

Wakaenda kwa Mama Kanga, muuza vipuri. Mama Kanga mwenyewe ana nukta kuanzia shingoni mpaka mkiani, na kwa habari ya nukta hakuna wa kumdanganya. Bei zake zilikuwa za mtama. Pimbi alikuja na kibaba kimoja, ndicho alichobakiwa nacho. Fisi alikuja na gunia alilowanyang'anya panya.

Juu ya meza palikuwa na kadi tatu. Pimbi aliiona ile ndogo, ya bei ya kibaba, yenye feni moja kama kifungo cha shati, na moyo wake ukatulia. Kioo cha nukta chache hakihitaji mchoraji wa nukta nyingi. Ndiyo hii, alijiambia. Kisha akamtazama Fisi, na moyo ukaacha kutulia. Fisi alikuwa na tabia moja: kitu chochote alichokitaka mwenzake, yeye alikichukua kwanza. Na kadi ya kibaba ilikuwa hiyo hiyo moja.

"Mimi mkubwa," Fisi akasema. "Naanza kuchagua."

"Kek-kek-kek," Mama Kanga akaanza, "kabla ya kadi, niambie kwanza kioo chako kina nukta—"

Pimbi akamkanyaga kidole, taratibu, kwa heshima zote.

"Sikuja kununua kioo," Fisi akasema. "Hii ndogo inakula?"

"Inakula kidogo."

"Na hii ya katikati?"

"Inakula kiasi."

"Na ile?"

Ile ilikuwa na feni tatu na upana wa sinia.

"Ile," Mama Kanga akasema, "inakula kuliko zote."

Hapo Pimbi akapiga magoti. Alilia kilio kizuri, cha kupanda na kushuka. Alisema kaka mkubwa achukue ya katikati, achukue hata hii ndogo nzuri, lakini ile inayokula kuliko zote amwachie yeye mnyonge.

Fisi akaitia kwapani kabla kilio hakijafika kituo. Gunia zima likabaki kwa Mama Kanga. Pimbi akafuta machozi, akatoa kibaba chake, akaichukua ile ndogo kwa uso wa msiba. Njiani alitembea nyuma ya Fisi, maana uso wa msiba ulianza kumshinda.

Jumamosi jua likawaka, betri ikajaa. Alasiri wanyama wakafurika pangoni. Fisi akaipachika kadi yake, akajiketisha katikati. Kompyuta ikaanza: vuuu, vuuuu, vuuuuu! Feni zikapeperusha ndevu za mbuzi aliyekaa mbele. Picha ikatokea.

Ngedere akasogeza pua mpaka kwenye kioo. "Gunia zima la mtama," akasema, "na mpira bado una pembe."

Fisi akauliza nukta zake nyingine zimekwenda wapi. Pimbi akamweleza kwamba zimekuja zote, ila kioo hakina viti vya kutosha. Nyingi zimesimama nje.

Vuuuuu! Vuuuuu! Mapumziko hayajafika, kioo kikafifia. Fyuuu. Giza.

"Imefanya nini?" Fisi akauliza.

"Imekula, kaka mkubwa."

"Halafu?"

"Imeshiba. Sasa imelala."

Fisi alitaka kukasirika, lakini hakuona kosa la kadi. Yeye mwenyewe angefanya vivyo hivyo.

Jumapili jua likawaka tena. Pimbi akaipachika kadi ndogo. Tik. Feni ikanong'ona, siii, siii. Mapumziko yakafika, yakapita. Betri bado ilikuwa na nguvu. Dakika ya mwisho mpira ukagonga mwamba wa goli kwa pembe moja, ukageuka, ukaingia kwa pembe nyingine. Filimbi ikalia. Wanyama wakapiga kelele mpaka vumbi likadondoka kutoka juu. Pimbi hakupiga kelele. Aligeukia kushoto kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa neno, kisha akaenda mlangoni kupokea mihogo. Kipande cha boga akampa Fisi, aliyekuwa bado anaitazama kadi yake kwa heshima.

— Na funzo lake?
— Funzo ni adabu. Mkienda dukani, wapisheni wakubwa wachague kwanza. Wakikosa la kuchagua, waonyesheni kikubwa kuliko vyote, na mkililie. Kioo msikitaje kabisa.
— Na mkia wa ngano?
— Mkia gani? Hii ni ngano ya Pimbi. Imeishia hapa hapa.