La Ndani Halisuguliwi kwa Dodoki

"La ndani halisuguliwi kwa dodoki." Mmemsikia shangazi yenu, mkacheka, mkadhani ni maneno ya usafi. Yalianza hivi, na hayachekeshi.

Huko Muheza alikuwepo Bi Mwanamkuu, mwanamke msafi hadi kero. Mumewe, Mzee Shekue, hakutoka nyumbani ila kanzu yake imefuliwa ikatakata. Mwaka mmoja shingo ya mzee ikaanza kuwa nyeusi, ngozi ikawa nene. Wakiwa harusini kwa jirani, wanawake wakanong'ona.

"Kanzu nyeupe, shingo ina nongo! Kumbe usafi wa mkewe mwisho kwenye kamba ya nguo."

Bi Mwanamkuu alisikia. Aliona haya hata pilau ikamshinda.

Tangu hapo akawa anamkalisha mumewe bafuni na kumsugua kwa dodoki na sabuni ya mche. Ngozi ikachubuka, weusi ukabaki. Mzee naye, kwa aibu, akanyamaza. Hata kwamba chakula hakishuki hakusema, na mwili ulikuwa unapungua.

Siku moja alipoinua mkono, mkewe akaona kwapa nalo ni jeusi vilevile.

"Mume wangu, na huku?"

"Siku nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisugua na huku."

Wakaenda hospitali. Daktari akauliza, "Hali hii ilianza lini?"

"Kabla ya Ramadhani," mzee akajibu.

"Mkafanya nini?"

Bi Mwanamkuu akainama. "Nikawa namwogesha."

Daktari akawaeleza kwamba weusi wa namna hiyo mara nyingi si saratani, lakini ukimzukia mtu mzima ghafla, naye anakonda, asikae nao nyumbani. Vipimo vikaonyesha saratani ya tumbo, tena imeshaenea.

Mzee Shekue hakumaliza mwaka. Siku ya msiba wanaume walikuwa wanamwosha chumbani, Bi Mwanamkuu amekaa nje ya pazia na wanawake wenzake. Akasikia sauti ndani: "Ongeza sabuni, shingo ina nongo."

Akapiga ukelele. "Mwacheni! Si uchafu huo! Nimemsugua mpaka akatoka damu. La ndani halisuguliwi kwa dodoki!"

Wale waliocheka harusini walikuwepo hapo mkekani, na hakuna aliyethubutu kuinua uso. Ndiyo maana mtaani kwetu wakubwa huyasema maneno haya kwa sauti ya chini: la ndani halisuguliwi kwa dodoki.